Damu baada ya kutolewa tonsesi: lawama ziende kwa daktari au kwa dagaa?

Hapa mtaani Igoma, Mwanza, kuna kijana alitolewa tonsesi, siku ya saba usiku akaanza kutema damu, kufika asubuhi kesi ishahukumiwa. Kundi moja linasema daktari kaharibu, la pili linasema mwenyewe kala dagaa wa kukaanga. Mi naona wote wameharakisha.

Tuanze na daktari. Damu ikitoka ndani ya saa 24 za kwanza, hapo sawa, maswali yaende kwanza chumba cha upasuaji. Ila hii ya siku ya 5 mpaka ya 10 ni nyingine kabisa, ndo muda ule utando mweupe kooni (wengi wanadhani usaha) unabanduka, na hata fundi mzuri inaweza kumkuta. Lakini pia usimtoe daktari lawamani moja kwa moja, maana Uingereza mwaka 2003 na 2004 walifuatilia wagonjwa karibu 34,000, waliotoka damu ni asilimia 3.5, na waliofanyiwa kwa vifaa vya umeme na joto walitoka damu zaidi kuliko wa kisu cha kawaida. Na umeme wanaupenda kwa sababu unakausha damu pale pale mezani, yani unakopa leo unadaiwa wiki ijayo.

Dagaa sasa. Ushahidi kwamba chakula kigumu kinaleta damu ni mdogo sana, mi naogopa zaidi yule anayegoma kula na kunywa mpaka koo linakauka.

Vinavyoongeza hatari kweli havionekani kwenye sahani: mtu mzima anatoka damu zaidi kuliko mtoto, na aliyewahi kuota jipu pembeni ya tonsesi naye wa kuangaliwa. Afu kuna ukoo, kama tohara au jino la mtu wenu liliwahi kuvuja damu siku mbili, mwambie daktari kabla hujapanda kitanda, usione aibu.

Dawa za maumivu ndo penye ubishi. Aspirini hapana, hiyo inazuia damu kuganda. Ibuprofeni wataalamu wenyewe hawajapatana: mwongozo wa Marekani wa 2019 unaikubali kwa watoto, na mwaka huohuo utafiti wa watoto zaidi ya 700 ukashindwa kuthibitisha kwamba haiongezi kutoka damu kwa kiwango kikubwa. Kwa upande wangu maumivu yakizidi mtoto hanywi maji, kwahiyo siikatai, ila aiandike daktari, sio unafika duka la dawa unasema nipe ya maumivu unapewa diklofenaki, ya jamii ileile ya ibuprofeni.

Kinachonisumbua hasa ni umbali. Wa Sengerema tangu Juni 2025 ana daraja la Kigongo-Busisi, wa kisiwani Ukerewe damu ikianza saa nane usiku anasubiri meli. Ningemwambia alale kwa ndugu mjini siku kumi, najua mama mwenye genge Nansio atacheka, siku kumi nani anauza nyanya? Hoja yake ina uzito. Basi kama aliyetolewa tonsesi ni mtoto wake, angalau alale karibu naye, maana mtoto mara nyingi hatemi damu, anaimeza, ukimsikia usingizini anameza meza mate muamshe umwangalie koo kwa tochi, ukiona damu hata kidogo ni hospitali, usisubiri kuche.

Yule wa Igoma alipata bajaji dakika ileile.