Banio la zege, banio la nyasi: nani anaikausha Ruaha?

Panda basi la Makambako kwenda Mbeya mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimekolea. Ukifika Igawa chungulia dirishani: Mto Mbarali unapita chini ya daraja. Maji si mengi, lakini yapo, na ni maangavu kwa kuwa ndiyo kwanza yameshuka milimani. Siku nyingine zunguka upande wa pili, toka Iringa mjini upite Idodi hadi Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha. Hapo ndipo ulipaswa kupita Mto Ruaha Mkuu, unaobeba maji ya Mbarali, Kimani, Chimala na vijito vingine vya bonde la Usangu. Utakuta mchanga. Tembo wanauchimba kwa miguu na mikonga kutafuta maji ya chini, na viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope lililobaki, wakigombana.

Mto huu ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kwake kumekuwa jambo la kila mwaka. Swali la maji yanapotelea wapi kati ya Igawa na Msembe limejibiwa mara nyingi kwa kunyoosheana vidole. Mhifadhi anamwonyesha mfugaji, mfugaji anamwonyesha mkulima, mkulima wa chini anamwonyesha wa juu. Mlaji wa Dar es Salaam anadai umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu, yanayolishwa na mto huuhuu, usikatike, na jioni hiyohiyo anatafuta mchele wa Mbeya sokoni. Hajioni kwenye kesi hii hata kidogo.

Jibu la kwanza lililopewa nguvu ya dola lilikuwa ng'ombe. Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 ikaja amri ya kuwaondoa wafugaji Usangu. Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai wakasombwa na mifugo yao, wengi wakaelekezwa Lindi, na ng'ombe wengi wakafia njiani. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali (GN) namba 28, pori la akiba la Usangu pamoja na ardhi oevu ya Ihefu vikaunganishwa na hifadhi, ambayo sasa ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000, kubwa kuliko zote Afrika Mashariki kwa wakati ule. Mwaka 2010 ukafika, ukapita. Mto ukakauka kama kawaida.

Sisemi ng'ombe hawana hatia. Maelfu ya kwato kwenye majani ya Ihefu yanaharibu, asiyekubali aende akaone bonde lolote lililolishiwa kupita kiasi. Lakini kama mshtakiwa mkuu ameondolewa na wizi unaendelea, hakimu mwenye akili hurudi kusoma jalada upya.

Jalada lenyewe lilikuwepo hata kabla ya amri ya 2006. Watafiti waliofanya kazi Usangu miaka ya mwisho ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili walionyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenye mifereji wakati wa kiangazi. Na walisema jambo jingine ambalo naona halijazungumzwa vya kutosha: baadhi ya tatizo lilijengwa kwa nia njema, kwa saruji, na kwa mkopo.

Banio ni kizuizi cha kuchepushia maji ya mto mferejini, na lile la zamani la Usangu lilikuwa la miti, mawe, nyasi na udongo. Wakulima walikuwa wakilisimika kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na mafuriko ya masika yakilisomba wanalisimika tena. Kwa macho ya mhandisi lilikuwa hovyo kabisa, linavuja kila upande. Lakini kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunampa wa chini haki yake. Hata mtu wa juu akiwa bahili namna gani, nyasi hazikuweza kuzuia mto wote. Ukaja mradi wa kuboresha umwagiliaji, uliogharamiwa na Benki ya Dunia kati ya 1996 na mwanzoni mwa elfu mbili, ukajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Sasa mtu mmoja mwenye ufunguo anaweza kuukunja mto wote wa kiangazi akauingiza mferejini, na tone lisipite. Juu ya hapo ikaja ada ya kibali cha maji. Lengo lilikuwa watu wayaone maji kuwa na thamani wayatumie kwa uangalifu. Kilichotokea sehemu nyingi ni kinyume chake: aliyelipa akasema nimelipia, yangu haya.

Upande wa wakulima nao una hoja ambayo mtu wa hifadhi huipita haraka mno. Mfereji wa Usangu si wa mpunga peke yake. Mpunga ni wa masika. Mwezi wa tisa na wa kumi maji yaliyomo mferejini ndiyo ya kupikia, ya kufulia, ya kunywesha ng'ombe wawili watatu wa nyumbani, na ya kumwagilia vitunguu na mahindi ya kuchoma. Nilikaa alasiri moja pembeni ya mfereji wa aina hiyo, kilomita kadhaa kutoka kwenye banio. Maji yalikuwa kina cha kiganja. Binti mmoja alikuwa akiyachota kwa bakuli, taratibu ili asitibue, akimimina kwenye dumu la lita 20 lililofunikwa kitambaa. Hatua kumi juu yake punda alikuwa anakunywa. Kwa makisio yangu, ili maji yale yamfikie, mengi zaidi yalikuwa yamenywewa na udongo njiani. Ukimwambia binti yule banio lifungwe kwa ajili ya viboko, unamwambia afunge bomba la nyumbani kwao.

Jamii zenyewe zimekuwa zikifanya nini? Zimekuwa zikipeana zamu. Kila mfereji una kamati yake, na kwa miaka mingi sasa serikali imekuwa ikihimiza kamati hizo ziungane kuwa jumuiya za watumia maji, moja kwa kila kijito, chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Chombo kilichonivutia kuliko vyote katika kazi hiyo ni ubao. Watafiti waliokuwa Usangu walichonga ubao mkubwa wa mteremko wenye mto katikati na mifereji pembeni, wakawapa wakulima gololi na vijiti. Gololi ndiyo maji, kijiti ndicho banio. Gololi zinaachiwa juu, kila mtu anakinga zake. Raundi ya kwanza wa juu anajaza mfereji mpaka gololi zinamwagika, wa mwisho anabaki na vijiti mkononi. Raundi inayofuata watu wanabadilishana nafasi, na aliyekuwa juu anaonja ukavu wa mkiani. Baada ya hapo ndipo wanaketi kuzungumza habari ya zamu. Nimehudhuria semina za mazingira zenye posho na chupa za maji mezani, na sijaona hata moja iliyofundisha kitu kwa wepisi kama huo.

Zamu, hata hivyo, ina upungufu wake, na wanaoisifu huusahau. Kamati ya mfereji inamjua wa juu na wa chini. Inamjua hata mjane ambaye jaruba lake liko mwisho kabisa. Lakini ukomo wa haki yake ni jaruba hilo. Kiboko hana mjumbe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka matumizi ya nyumbani kwanza, mahitaji ya mazingira ya pili, kisha ndipo yaje mengine yote, kilimo kikiwemo. Nenda kwenye banio lolote uulize kama kuna zamu ya mazingira. Watacheka, na si kwa ubaya. Wazo lenyewe halijawahi kuwafikia kwa namna ya kueleweka.

Halafu kuna umbo la Ihefu. Lile bwawa ni kama sinia lenye ukingo wa mwamba pale Ng'iriama. Maji lazima yajae hadi yauvuke ukingo ndipo mto uendelee kwenda hifadhini. Kabla ya hapo jua linakunywa. Kwa hiyo wakulima wa kijito kimoja wakijinyima wakaachia maji kidogo, yanaweza kuishia ndani ya sinia, na Msembe wasione tofauti. Wanaosema jamii ziachiwe peke yake zitamaliza tatizo hawajapiga hesabu hii. Inahitajika mizani ya bonde zima, na hiyo haipatikani bila serikali.

Serikali inapoingia, lakini, huingia na vigingi vya mpaka. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba vijiji vitano vya wilaya ya Mbarali, na vitongoji vingi zaidi, viondoke kupisha hifadhi. Mwaka uliofuata GN 754 ikachora mpaka upya. Wakati huohuo kulikuwa na mradi wa utalii wa kusini, REGROW, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa 2017. Malalamiko ya wananchi kuhusu kuhamishwa, mifugo kukamatwa na ukatili wa askari yalifika hadi kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo. Malipo yakasimamishwa Aprili 2024 na mradi ukafutwa Novemba mwaka huo.

Wanaotetea vigingi wana ushahidi wao. Mashamba yamesogea mwaka hadi mwaka. Pawatila moja, trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, inafungua kwa siku eneo ambalo zamani jembe la mkono lingelimaliza kwa wiki kadhaa, na kamati ya mfereji haina ubavu wa kumzuia mwenye fedha kutoka mjini anayekodi ekari mia kwa jina la mwanakijiji. Pasipo mstari, Ihefu ingeliwa pembeni hadi katikati. Hapo nakubaliana nao.

Ninapoachana nao ni kwenye mpangilio wa hatua. Unamwomba mtu ajinyime maji leo ili jirani apate kesho, naye hajui kama kesho atakuwepo. Zamu ni mkopo kati ya majirani, na hakuna anayekopesha kwenye kijiji kinachosubiri kuhamishwa. Mwenye hofu ya kuondolewa hulima yote anayoweza msimu huu, humwaga maji yote anayoyapata, maana hana hakika na ujao. Mpaka uliochorwa ili kuokoa mto unaweza, kwa miaka ile ya kusubiri, kuukausha haraka zaidi.

Kama ningeulizwa fedha iende wapi kwanza, ningesema visima. Si hoja ya kupendeza jukwaani, na haina picha ya tembo. Lakini kijiji chenye kisima cha uhakika kinaweza kufunga lango la banio mwezi wa tisa bila kumwadhibu binti mwenye bakuli, na maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo wa mfereji yakarudi mtoni. Najua watakaoumia: wanawake na vijana wanaoishi kwa vitunguu vya kiangazi, ambavyo kisima hakitavimwagilia. Hao lazima wazungumzwe nao, na pengine walipwe, kabla lango halijafungwa.

Katika kitongoji kile cha mfereji pampu ipo. Ilifungwa zamani kidogo, mkono wake umekatika, na kuku wanataga kwenye kivuli cha bomba lake.