Chembe Ndani ya Mnara wa Viputo: Gesi Inapotea au Kichocheo Kinafaidi?

Ras Laffan, Qatar, kuna mitambo miwili mikubwa inayogeuza gesi asilia kuwa dizeli, na kila mmoja umeshika njia yake. Pearl, uliotoa shehena yake ya kwanza mwaka 2011, umejaza kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, ndani ya maelfu ya mabomba na humo kimetulia. Oryx, uliozinduliwa mwaka 2006 kwa uwezo wa mapipa 34,000 kwa siku, unatumia kichocheo cha kobalti kikiwa unga uliochanganywa na nta ya moto. Kaboni monoksidi na haidrojeni, zinazotokana na gesi asilia, hupulizwa kutoka chini ya mnara, na tope lote, yaani nta na unga wake, hutibuka kwa viputo. Ubishi wa wahandisi unaanzia hapo: unga ukiongezwa, gesi hupita vibaya zaidi. Je, hiyo ni sababu ya kuupunguza?

Wanaosema ndiyo wana ushahidi mzito. Miaka ya 1990, kundi la Rajamani Krishna katika Chuo Kikuu cha Amsterdam lilipuliza hewa kwenye mafuta ya parafini yenye unga wa silika wa mikroni 38 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Unga ulipoongezwa hadi kufikia theluthi ya ujazo wa tope, viputo vidogo vya milimita chache vilikaribia kutoweka. Vilivyobaki ni vile vikubwa vya sentimita kadhaa, ambavyo hupanda kwa kasi ya mita moja hadi mbili kwa sekunde. Gesi ya namna hiyo haikai ndani ya mnara, inakatiza tu.

Chanzo kimojawapo ni mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka. Kwa mlinganyo wa Thomas, unaokadiria mnato wa tope, tope lenye 10% ya chembe kwa ujazo lina mnato wa mara 1.4 hivi ya kimiminika chenyewe, na likifika 30% mnato ni mara tatu. Viputo vinavyogusana kwenye tope zito huungana kwa urahisi kuliko vinavyovunjika, na kiputo kikubwa kikishapita huvuta vidogo nyuma yake na kuvimeza. Athari yake kwa eneo la mguso kati ya gesi na kimiminika si ndogo. Kwa kila mita ya ujazo, eneo hilo ni mara sita ya sehemu ya ujazo iliyoshikwa na gesi, ukigawanya kwa kipenyo cha kiputo. Gesi ikiwa 25% kwa viputo vya milimita 4, kila mita ya ujazo ina mita za mraba 375 za mguso. Ikiwa 20% kwa viputo vya milimita 40, zinabaki 30 tu.

Hata hivyo hesabu hiyo inapima mguso peke yake, na riakta haijengwi kwa ajili ya mguso. Chukua tope la 10% ambalo gesi imeshika 35% ya mnara: kichocheo ni 0.065 ya ujazo wa riakta. Pandisha tope hadi 30%, gesi ishuke hadi 22%: kichocheo kinakuwa 0.234, mara tatu na nusu zaidi. Nafasi iliyoachwa na gesi imechukuliwa na tope, na kazi inafanyikia kwenye tope. Tena viputo vikubwa havibaki kama vilivyo. Huvunjika na kuungana upya mfululizo, kwa hiyo hupitisha gesi zaidi kwenye nta kuliko hesabu ya kiputo kimoja kilichotulia inavyoonyesha. Ndivyo pia vinavyokoroga nta na kupeleka joto kwenye mabomba ya kupozea. Mmenyuko huu hutoa takriban kilojuli 165 kwa kila moli ya kaboni monoksidi, na kona isiyokorogwa huungua.

Kwa kobalti, basi, ninaegemea upande wa tope zito, kwa kuwa mmenyuko wenyewe ni wa polepole na gesi hupata muda wa kuyeyuka. Mmenyuko ukiwa wa haraka uamuzi unageuka, kwa sababu kichocheo cha ziada kingekaa bila gesi ya kutosha.

Ninachokipinga waziwazi ni kuamua kwa vipimo vya maji, hewa na shanga za kioo ndani ya bomba jembamba. Presha ya riakta halisi huongeza densiti ya gesi na kuvivunja viputo vikubwa, jambo ambalo maabara ya wazi haiwezi kulionyesha. Ukuta wa bomba jembamba nao hukipunguzia kiputo kikubwa kasi ya kupanda. Chembe zenyewe hazifanani pia: zisizolowa hujishika kwenye uso wa kiputo, na laini sana zikiwa chache zinaweza hata kulifanya povu lidumu na gesi iongezeke.

Kosa jingine liko kwenye kipimo cha presha, kinachotumika kukokotoa sehemu ya gesi ndani ya mnara. Tuseme nta ina densiti ya kilo 700 kwa mita ya ujazo, chembe zilizojaa nta 1,500, na tope ni la 20%. Densiti ya tope ni 860. Vihisi viwili vilivyoachana mita 2 vikisoma tofauti ya kilopaskali 12.65, gesi ni 25%. Fundi akiweka 700 badala ya 860 atapata 8%, na ataandika kwamba chembe zimeifukuza gesi. Kama unga umetuama chini, namba ya juu na ya chini zitapishana hata kama gesi ni ileile. Ni lazima kuchota sampuli kwenye kila kimo.

Hoja nzito zaidi ya wanaotaka unga upunguzwe, kwangu, ni kusagika kwa chembe. Katika nta hiyo, yenye mnato wa milipaskali-sekunde 2, chembe ya mikroni 50 huzama nusu milimita kwa sekunde. Kipande chake cha mikroni 5 huzama mara mia polepole zaidi, hivyo hutoka na nta na kuziba vichujio. Mwaka 2007 Sasol, mbia wa Oryx, ilieleza kwamba uzalishaji uko chini ya matarajio kwa sababu chembe laini zilizidi uwezo wa vifaa vya kuzitenganisha. Anayepandisha tope kutoka 20% hadi 30% aanze kwa kukagua nafasi iliyobaki kwenye vichujio vyake, kabla hajagusa mtiririko wa gesi.