Msiseme hakuna madaraja ya DNA kama mmepaka DAPI tu

Juzi kwenye presentesheni moja jamaa kaweka picha ya seli zinazogawanyika, bluu safi kabisa, akasema seli hizi hazina madaraja ya DNA, yaani DNA iliyobaki imeunganisha kromosomu zinazoachana, watu wakapiga makofi tukaendelea. Imenikera mpaka leo. Alipaka nini? DAPI peke yake, ile rangi inayoshika DNA na kung'aa bluu!

Jamani, tangu 2007 inajulikana kuna madaraja ambayo DAPI haiyaonyeshi kabisa, wala Hoechst, rangi nyingine ya aina hiyo. Mwaka ule timu ya mtafiti Nigg kule Ujerumani na ya Hickson kule Uingereza zilionyesha nyuzi nyembamba za DNA zimevutika katikati ya kromosomu zinazoachana kwenye anafezi (hatua ya kromosomu kuvutwa pande mbili), hazina histoni (protini ambazo DNA huzungushiwa), na unazipata tu ukitafuta protini zilizozishika, yaani PICH na BLM. Ukiweka antibodi ya PICH (inayoinasa na kuifanya ing'ae), pale ambapo kwenye bluu ni giza tupu unakuta mstari umenyooka toka upande huu mpaka ule, na ni DNA hiyo, bado haijaachana. Tena nyuzi za sentromea (pale nakala mbili za kromosomu zinaposhikana) zipo hata kwenye seli zenye afya mwanzoni mwa anafezi, kwahiyo mtu akiniambia sahani nzima ya seli haina hata moja, kwanza nauliza alitazamaje.

Na kufiksi, yaani kuzigandisha seli kabla ya kupaka, nako kuna watu wanakufanya haraka haraka. PICH imejaa kwenye saitoplazimu, usipoitoa inang'aa kila mahali na uzi unapotea humo humo, ndo maana formaldehaidi ya kugandisha inawekwa pamoja na Triton, aina ya sabuni, protini iliyolegea inatoka, iliyong'ang'ania DNA inabaki. Halafu weka na sahani ya seli zenye dawa ya ICRF-193, inazuia topoisomerezi II (kimeng'enya kinachotenganisha DNA iliyosokotana) na nyuzi zinaongezeka, usipoziona hata hapo basi shida ni upakaji wako, sio seli.

Sawa, antibodi ni ghali na kuagiza kunachukua muda, hilo sibishi. Na madaraja manene hayahitaji yote haya, mtafiti McClintock aliyaona kwenye mahindi miaka ya 1930 kwa darubini ya kawaida, na mpaka leo ukiwa na sitokalasini B (inayozuia seli kukatika mbili) na rangi ya Giemsa unayahesabu vizuri tu kwenye seli zenye viini viwili.

Ila basi andika ulichokiona: "kwa DAPI hatukuona madaraja manene". Wasimamizi, naomba sana, msisaini ripoti inayosema zaidi ya hapo.