Liu Ying na Liu Penzi: Watoto Waliobebeshwa Kiti cha Enzi cha Han

Kaizari Ping wa nasaba ya Han nchini China alipofariki mapema mwaka 6 BK bila kuacha mtoto, vitukuu 53 wa Kaizari Xuan, baba wa babu yake Ping, walikuwa hai, wafalme wadogo 5 na makabaila 48, nao walikuwa watu wazima. Wang Mang, aliyeshika hatamu za serikali, aliwaruka wote. Alidai kuwa ni wa kizazi kimoja na marehemu, na ndugu hawarithiani. Akashuka hadi kwa vilembwe 23 na kumchagua aliye mdogo kuliko wote, Liu Ying, ambaye hata miaka miwili hakuwa ameitimiza, akisema kwamba ramli yake ndiyo iliyotoka na heri.

Hoja ya kizazi haipaswi kupuuzwa. Ibada za mababu zilihitaji mtu wa kusimama mbele ya marehemu kama mwana mbele ya baba, jambo ambalo ndugu wa rika lake asingeliweza bila kuvuruga utaratibu. Tena utoto peke yake haukuwa balaa: Kaizari Zhao alirithi mwaka 87 KK akiwa na miaka 8, chini ya uangalizi wa Huo Guang, na alipofariki mwaka 74 KK nasaba ilikuwa bado imara. Lakini Huo Guang alikabidhiwa mtoto na baba yake aliyekuwa akikata roho, ilhali Wang Mang alijichagulia mwenyewe, na ndiyo maana naamini kuwa alichokitafuta ni umri usioweza kumpinga.

Mwaka 9 BK alimshika mtoto mkono, akalia, akasema amri ya Mbingu inamlazimisha kutwaa kiti. Kisha mtoto akateremshwa ukumbini na kuelekezwa kaskazini, upande wanaoelekea raia wanapomsujudia kaizari.

Wanaomtetea Wang Mang husema alimwachia uhai, akampa cheo cha kikabaila na baadaye akamwoza mjukuu wake. Ni kweli, na wengine katika nafasi yake wangemuua. Hata hivyo, yaya walikatazwa kuzungumza naye, akakulia ndani ya kuta hadi akawa hajui kuwataja wanyama sita wa kufugwa. Siwezi kuiita huruma hali ya kumnyima mtoto maneno. Mwaka 25 BK, Wang Mang akiwa ameshakufa, Fang Wang na wenzake walimtangaza kijana huyo kaizari. Jeshi la Kaizari Gengshi, mtu wa ukoo wa Liu aliyetawala baada ya Wang Mang, likawashinda na kumuua.

Mwaka huohuo, waasi wa Nyusi Nyekundu, wakulima waliopaka nyusi zao rangi nyekundu, walimpata kaizari wao kwa kura. Liu Penzi, mchunga ng'ombe wa miaka 15, alikuwa peku, nguo zimeraruka, na alipoona umati unamsujudia aliogopa, machozi yakamlengalenga. Waasi hao wangeweza kumsimika jemadari wao yeyote, lakini walitafuta damu ya ukoo wa Liu, yaani ukoo wa makaizari wa Han. Kwa hiyo hoja ya nasaba haikuwa ya Wang Mang peke yake, bali hata wakulima wenye njaa waliiamini. Penzi alijisalimisha mwaka 27 BK kwa Kaizari Guangwu, aliyeirejesha nasaba ya Han; huyo alimwacha hai, na alipopofuka akampa mapato ya ushuru wa soko huko Xingyang ayale maisha yake yote.