Taiwan Ikitikisika, Mbagala Ndo Tunalipa

Jamani hivi kuna mtu ashawahi kununua RAM, ile memori ya kompyuta, siku ambayo bei iko sawa? Maana mimi naona hiyo siku haipo kwenye kalenda. Ukiulizia leo unaambiwa "boss imepanda", ukijikausha ukarudi wiki inayofuata unaambiwa "boss si ungechukua ile siku", ukisema haya basi nipe hivyohivyo unaambiwa zimeisha, mzigo uko njiani. Njiani wapi sasa, huo mzigo unakuja kwa miguu?

Mimi kazi yangu naediti video za harusi na sendoff, hapahapa Mbagala. Laptopu yangu ina RAM ya giga 8. Nikifungua programu ya kuediti, nikaweka video za kamera mbili, na WhatsApp iko wazi kwa sababu bi harusi anauliza kila saa "kaka imefikia wapi", basi mashine inaganda, feni inaunguruma mpaka mtoto wa jirani anaamka analia na mama yake anagonga ukuta. Kuna harusi nikianza kurenda, yaani mashine itoe video iliyokamilika, naingiwa na hofu maharusi watapata mtoto wa kwanza kabla sijawapa flashi yao. Na dawa yake inajulikana, unaongeza giga 8 nyingine zinakuwa 16, nafasi ya pili iko wazi chini ya kifuniko, fundi kashaniangalizia na kanihakikishia hii siyo zile laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa ukitaka kuongeza ununue laptopu nyingine. Kitu chenyewe ukubwa wake hakizidi biskuti. Sasa nenda kaulize bei ya hiyo biskuti.

Nimeingia Kariakoo, duka lenyewe upana wake ukinyoosha mikono unagusa bidhaa pande zote. Nikamuuliza kijana, "Mdogo wangu, RAM aina ya DDR4 ya laptopu, giga 8, unauzaje?" Hakunijibu, kachukua simu kwanza. Nikamwambia nimeuliza bei, sijauliza matokeo ya Simba. Akasema, "Brother siku hizi lazima nicheki kwanza, bei haikai." Halafu akanitajia. Nikashika kaunta. Kwa hela ile zamani si nyingi ningechukua mbili, na bajaji ya kurudia, na chipsi mayai nakula.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba hiyo RAM yenyewe ni mtumba! Imechomolewa kwenye kompyuta za ofisini huko Uingereza, zikaja na kontena, imekaa kwenye droo mpaka stika imefifia. Nikamuuliza, hii imepandaje wakati ilikuwa humuhumu ndani ya droo? Haijapanda meli mara ya pili, haijalipa ushuru mara ya pili, haijalala gesti, imepandaje? Akanijibu kwa upole kabisa, "Sasa brother nikikuuzia kwa bei ya zamani, mimi nikienda kufuata nyingine nitainunua kwa bei gani?" Nikakosa cha kusema. Mimi muuzaji akinishinda kwa hoja naumia sana, bora angenitukana tukajua moja.

Nikamwuliza kwani kuna nini. Akasema, "AI imekula RAM zote." Hivyo tu, anaongelea akili bandia kama panya wa stoo.

Nikarudi nyumbani nikanunua bando, nikakesha nasoma, mama watoto anajua naediti. Aisee! Kumbe hivi vidude dunia nzima karibu vyote vinatoka kwa kampuni tatu tu. Samsung na SK Hynix wako Korea Kusini, Micron yuko Marekani, hao watatu wameshika zaidi ya asilimia 90 ya biashara yote. Wengine tuliobaki duniani, mabilioni, tumepanga foleni kwenye milango mitatu. Na si kwamba ni malaika. Kati ya 1998 na 2002 baadhi ya watengenezaji wa memori walikaa wakapanga bei, Wamarekani wakawakamata, Samsung peke yake mwaka 2005 ikakubali faini ya dola milioni 300. Watu wazima, matajiri, wana viyoyozi, wanakaa kikao cha kupanga bei ya biskuti yangu.

Halafu vitu vinavyopandisha bei ndo vituko vyenyewe. Mwaka 1993 kiwanda cha Sumitomo Chemical kililipuka Niihama huko Japani. Hakitengenezi RAM! Kilikuwa kinatengeneza ile malighafi ya gundi ngumu nyeusi wanayofunikia chipu, ila kumbe zaidi ya nusu ya malighafi hiyo ya dunia nzima ilikuwa inatoka palepale, bei ya RAM ikaruka ndani ya wiki chache. Gundi! Tarehe 21 Septemba 1999 Taiwan ikapigwa na tetemeko, viwanda vya chipu vikazimika umeme, bei ikaruka. Septemba 2013 moto ukawaka kiwanda cha SK Hynix kule Wuxi, China, bei ikaruka. Aprili 2024 Taiwan tena, tetemeko tena, ikawa watengenezaji wakubwa wanagoma hata kutaja bei mpaka wajue hasara ni kiasi gani. Sisi hapa umeme ukikatika siku nzima hakuna anayepandishiwa bei Taiwan. Mchinjaji wangu nyama inamuozea kwenye friji, nani kule Seoul kapigiwa simu akaambiwa "boss imepanda"?

Sasa hizo ajali zina dawa yake na dawa yake ni kujikausha. Moto unazimwa, kiwanda kinafungua, waliojaza stoo kwa hofu wanaanza kuhangaika kuuza, wewe unaingia taratibu unanunua. Hiyo ndo imani ya wazee wa kijiweni kwetu, mzee mmoja pale kwenye kahawa kaniambia "kijana, kila kinachopanda kinashuka", nikamheshimu maana ni mzee lakini ndo huyohuyo aliyesema hivyo kuhusu sukari na nauli ya daladala.

Ila safari hii hakuna kilichoungua. Ndo tatizo lenyewe hilo! Kaja mteja mwenzetu mwenye pochi nene. Hao wenye kujenga majumba ya kompyuta za AI wanataka memori ya aina yao, inaitwa HBM, wanazipanga chipu ghorofa kwa ghorofa, na giga moja ya hiyo inakula sehemu ya kiwanda ambayo ingetoa kama giga tatu za kwetu sisi wa kawaida. Oktoba 2025 watu wa OpenAI, wale wenye ChatGPT, wakasaini makubaliano ya awali na Samsung na SK Hynix, makisio ni mpaka sahani 900,000 kwa mwezi, zile sahani ambazo chipu zinakatwa humo. Kwa mwezi! Na mimi niko hapa nabembeleza kipande kimoja, used. Desemba ya mwaka huohuo Micron wakatangaza wanafunga Crucial, ile RAM yao ya kuuzia watu wa kawaida, baada ya miaka kama 29, maana wenye hela wako upande ule. Yaani nimefukuzwa dukani na sijaingia.

Na kiwanda kipya cha chipu siyo banda la kuku, unakijenga miaka. Kwa hiyo ukiniambia nisubiri, nisubiri mpaka lini? Maharusi watakuwa wameshaachana.

Lakini ushauri sasa! Shemeji yangu yuko Muscat, yeye kila kitu anasema "subiri ofa, mimi nitakuletea nikija likizo", likizo yenyewe toka mke wangu ni mchumba wangu. Fundi anasema nunua leoleo, kesho itakuwa mara mbili, ila fundi ndo huyohuyo anayelipwa kuifunga kwa hiyo namsikiliza nusu. Jirani yangu wa duka la dawa anasema RAM ilikuwa rahisi mno mwaka 2023, wenye viwanda walikuwa wanapata hasara mpaka wakapunguza uzalishaji, "ungenunua kipindi kile". Nikamwambia jirani, mwaka 2023 mimi laptopu yenyewe sikuwa nayo, ulitaka ninunue RAM niiweke wapi, kwenye pasi? Na mama watoto yeye hana maneno mengi, kaniuliza hivi hiyo kitu inaongeza ukubwa wa sebule? Nikasema hapana. Akasema basi.

Nikasema nitajibana. Nimezima mazagazaga yote yanayojiwasha yenyewe mashine ikiwaka, kivinjari nafungua kurasa mbili tu kama mtu aliyeko kifungoni, video naziediti kwanza kwa zile nakala ndogo nyepesi halafu za ukweli nazirudisha mwishoni. Inasaidia, sikatai. Ila kuna shangazi wa bwana harusi alitaka awekwe maua yanadondoka kila anapotokea, na anatokea sana, alicheza kila wimbo yule mama, ua la kumi mashine ikaganda na shangazi mguu juu.

Hapo nikapiga hesabu zangu za mtu mzima. Kama RAM itakuja kuniingizia harusi moja zaidi kwa mwezi, basi kila mwezi ninaosubiri bei ishuke nakula hasara kubwa kuliko hiyo bei yenyewe. Sihitaji kujua bei itashuka lini, hata Wakorea wenyewe hawajui. Ila pia sinunui giga 32 kwa sababu ya kuogopa, nachukua kipande kimoja cha giga 8, naziba pengo, basi. Nasoma Akihabara kule Tokyo kwenye mitaa yao ya kompyuta maduka yalifika pahala yanawapangia wateja mwisho wa vipande vya kununua, nikasema mimi hamnikuti huko, mimi mtu wa akili, nitaenda na hela yangu ya adivansi, nitauliza bei, nitapatana kistaarabu, ikizidi kiwango changu naondoka sigeuki nyuma.

Nikaenda. Kijana akasema, "Brother ipo moja, ila bei ya leo bado, tajiri kaenda kuswali, akirudi ndo anasema." Bei imeenda msikitini! Sawa, nikakaa kwenye kistuli nangoja, moyoni napanga nitaanza na bei gani, nitamkazia vipi, nitajifanya nimeona rahisi duka la pili. Mara akaingia jamaa mmoja na begi la laptopu mgongoni, hata salamu hajatoa, "Dogo, DDR4 ya laptopu giga 8 ipo?" Kijana akasema ipo ya mwisho ila huyu brother yuko mbele yako.

"Naichukua!" Ni mimi huyo, nimeshasimama.

"Brother bei hujaambiwa."

"Nimesema naichukua, funga!"

Yule jamaa akaniangalia kuanzia juu mpaka kwenye ndala, akatikisa kichwa, akamwambia kijana, "Unawaona hawa? Hawa ndo wanaopandisha bei."