Mita Moja na Nusu

Jamani, kuna kiwanja na kuna kiwanja kwenye karatasi. Chukua kipande cha mita 10 kwa 20. Umenunua mita za mraba 200, na kodi ya ardhi unazilipia zote 200. Haya, chora nyumba. Tuseme kanuni inataka uache mita 3 mbele, 2 nyuma, moja na nusu kila ubavu. Unabaki na 7 kwa 15, yaani 105. Zile 95 ni za upepo! Mwenye 30 kwa 40 akiacha hizo hizo anakatwa kama moja ya tano tu, tena anapanda maua. Wewe mwenye kidogo umekatwa karibu nusu, halafu unaambiwa sheria haina ubaguzi.

Ndiyo maana ubavuni panaota vyumba. Mpangaji analipa kila mwezi. Upepo haujawahi kulipa hata siku moja.

Na kibali cha ujenzi nacho! Kinataka mchoro wa nyumba nzima, msingi hadi paa, na ada ya nyumba nzima. Hela yenyewe haiji nzima. Msingi mwaka huu, kuta mchezo wa upatu ukitoka, bati Mungu akijalia. Kibali kina muda wake, nao unakwisha nyumba ikiwa kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ukihuishe, ulipe tena. Sasa hela hiyo ni ya karatasi au ya saruji? Saruji inashinda, maana karatasi haizuii mvua.

Mkaguzi je? Siku fundi anavuta kamba, siku ambayo kuhamisha ukuta ni kung'oa vigingi viwili tu, haonekani. Anatokea zege la linta limekauka, na kopo la rangi nyekundu mkononi. X! Bomoa! Mtu anapiga hesabu: faini ni mara moja, kodi ya chumba ni kila mwezi. Tena jirani naye aliwekewa X, akaipaka chokaa, maisha yakaendelea.

Kasheshe inakuja choo kikijaa. Shimo liko nyuma, gari la kunyonya liko barabarani, na ile njia ya ubavuni siku hizi ina mpangaji na pazia. Basi mpira unapitishwa sebuleni kwa jirani, yule yule wa chokaa, na watoto wanaambiwa wainue miguu.