Kwenye besti boli, mchukue anayelipuka

Msimu wangu wa kwanza wa besti boli, fantasi ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) ambayo ukishachagua wachezaji hugusi tena kikosi, nilichagua kwa macho ya mtu wa Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: wachezaji wa uhakika, wa pointi za wastani kila wiki. Nilikosea, na wengi wetu tulioingia NFL tukitokea kwenye soka bado tunalirudia kosa hilo.

Besti boli haina kapteni, haina usajili katikati ya msimu, haina kupanga kikosi. Mfumo uliozoeleka ni watu 12 wanaochagua kwa zamu, raundi 18. Wa mwisho kuchagua raundi ya kwanza ndiye anayeanza ya pili. Mkimaliza, mmemaliza. Kila wiki programu yenyewe inawahesabu wenye pointi nyingi katika kila nafasi, wengine inawaacha benchi. Kwa hiyo wiki mbovu ya mchezaji haikuumizi, maadamu yupo wa kuziba pengo. Wiki yake nzuri unaivuna yote.

Mtazame Ja'Marr Chase, mpokeaji, yaani mdakaji mipira, wa Cincinnati Bengals, msimu wa 2021. Kwenye mechi za maandalizi alidondosha mipira, watu wakamkimbia. Mwezi Desemba, ugenini Denver, alidaka mpira mmoja tu, yadi 3. Mchezaji wa namna hiyo humkosesha mtu usingizi kwenye ligi ya kawaida: nimpange au nimweke nje? Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Januari 2022, Kansas City Chiefs walitangulia kwa pointi 14, Bengals wakalazimika kurusha mipira, naye Chase akadaka mara 11, yadi 266, tachidauni 3 (kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja). Kwa hesabu ya nusu pointi kwa kila mpira unaodakwa, hizo ni pointi 50.1. Mechi ikaisha 34–31 kwa Bengals. Ilikuwa wiki ya 17, ambayo ndiyo wiki ya fainali kwenye mashindano mengi ya fantasi.

Kwotabeki, yaani mrushaji mipira wa timu, aliyemrushia siku hiyo ni Joe Burrow: yadi 446, tachidauni 4. Kila mara Chase alipofunga, mwenye wote wawili aliingiza pointi 6 za mpokeaji na 4 za kwotabeki kwa tukio moja. Ndiyo maana nasisitiza kuwachukua wawili wa timu moja, kwotabeki na mpokeaji wake. Lakini usimvute kwotabeki raundi mbili kabla ya wakati wake kwa ajili ya kukamilisha jozi tu. Hapo unakuwa umemwachia mwenzako mpokeaji mzuri bure.

Wakimbiaji, wale wanaobeba mpira na kukimbia nao, nawachukua watano au sita, si zaidi. Wanaumia sana, na aliyeumia anabaki amekalia kiti mpaka msimu uishe. Viti vinavyobaki nawapa wapokeaji, hasa wale wa mbio wanaorushiwa mipira mirefu, wanaoweza kupotea wiki tatu kisha wakafunga mara mbili ndani ya robo moja.

Kuhusu kwotabeki wa tatu watu wanabishana sana. Mimi namchukua pale tu wawili wa kwanza wanapokuwa na shaka ya majeraha au ya namba. Ninachokataa kabisa ni kuwa na wawili peke yao ambao timu zao zinapumzika wiki ile ile: wiki hiyo nafasi inasoma sifuri, na hakuna wa kumsajili.